Gokati za Bei Chee na Breki Ambazo Video Hazionyeshi

Ukitafuta "gokati ya bei nafuu" kwenye simu yako leo, msomaji, utapata video za kukukesha mpaka asubuhi. Zinafanana kama watoto wa mama mmoja. Kijana anapanga skwea paipu chini, grainda inatoa cheche, muziki unapanda, injini ya pampu ya maji inafungwa kwa bolti nne, na kufika dakika ya kumi na mbili jamaa anazunguka uwanjani huku ameinua kidole gumba. Bei imeandikwa kwenye kichwa cha video. Neno "rahisi" nalo halikosekani.

Nimezitazama nyingi, nyingi kuliko inavyofaa kwa mtu mwenye tasnifu ya kuandika. Nimesoma uhandisi mitambo, kwa hiyo siwezi kuzitazama kama burudani tu. Leo nataka nizihakiki kama watu wanavyohakiki kitabu, kwa sababu kwa vijana wengi video hizi ndizo kitabu. Mtu anatazama, anasimamisha, anapima, anakata chuma. Na atakayekaa kwenye kile kiti mara nyingi ni mdogo wake.

Kwanza niwape haki yao. Sijui somo gani lingine la fizikia linalomfanya kijana wa kidato cha tatu atafute mwenyewe maana ya uwiano wa meno ya sproketi bila kutishiwa mtihani. Video hizi zimeondoa ile hofu ya chuma, kwamba chuma ni cha mafundi wa Gerezani na sisi wengine tunanunua tu kilichokwisha tengenezwa. Zile nzuri zinaonyesha mkono wa mtu ukifanya kazi, polepole, bila kuruka hatua. Hilo ni jambo kubwa. Ugomvi wangu nao uko kwenye mpangilio wa pesa na mpangilio wa dakika: vyote viwili vinaenda kwenye kuondoka, na kusimama hakupati kitu.

Tuanze na hiyo bei, maana ndiyo iliyotuvuta.

Watengenezaji wengi wanapenda kukumbusha kwamba gokati ilizaliwa masikini. Ni kweli nusu. Mwaka 1956, kusini mwa California, Art Ingels akisaidiana na Lou Borelli alitengeneza ile inayohesabiwa kuwa gokati ya kwanza, kwa mabomba ya chuma na injini ndogo ya West Bend iliyokusudiwa mashine ya kukatia nyasi, nguvu ya farasi 2.5 hivi. Hadithi inasimuliwa kana kwamba jirani yako tu aliamka Jumamosi akaamua. Kumbe Ingels alikuwa fundi wa Kurtis Kraft, kampuni iliyotengeneza magari yaliyoshinda Indianapolis 500. Waliomfuata haraka, Duffy Livingstone na Roy Desbrow, walikuwa na karakana ya ekzosi; kukunja na kuchomelea bomba ilikuwa kazi yao ya kila siku. Kwa hiyo ile bei chee ilikuwa imeshalipiwa, kwa miaka ya kazi na kwa vifaa vilivyokuwa tayari ukutani.

Video zinafanya mchezo uleule. Bei iliyoandikwa haina grainda ndani yake, haina mashine ya kuchomelea, haina diski za kukatia wala fimbo za kuchomelea, na hela ya fundi ndiyo kabisa haitajwi. "Nilikuwa nayo nyumbani" ndiyo sentensi ghali kuliko zote katika aina hii ya video. Wewe huna nyumbani. Utampa fundi wa mtaani akuchomelee, na atakutoza kwa kila kiungo.

Kwa hiyo achana na bei yao, angalia mgawanyo. Tuseme una laki sita. Ukifuata video, injini inakula nusu au zaidi siku ya kwanza, fremu inakula sehemu kubwa ya kilichobaki, halafu magurudumu. Breki inafika mwisho kabisa, wakati mfukoni kuna hela ya soda, na ndiyo maana inaishia kuwa kipande cha ubao au bati kinachosukumwa kwa mguu mpaka kiguse tairi. Mimi ningeanza upande wa pili: breki, usukani, magurudumu na beringi zake, halafu fremu, na injini inunuliwe kwa kitakachobaki hata kama ni ndogo au ya mkononi. Ingels alianza na farasi 2.5, na dunia nzima ikaiga.

Sasa hesabu, na naomba usikimbie, ni za kuzidisha tu.

Injini hizi za farasi tano na nusu au sita na nusu huwa na gavana inayozizuia karibu na mizunguko 3,600 kwa dakika. Weka sproketi ya meno 10 kwenye injini na ya meno 60 nyuma. Ekseli itazunguka mara 600 kwa dakika. Gurudumu la saizi 4.00-8 lina kipenyo cha sentimita 40 hivi, kwa hiyo kila mzunguko linasogea mita 1.26. Zidisha, unapata mita 756 kwa dakika, yaani kilomita 45 kwa saa. Jamaa anaona 45 haivutii watazamaji. Anatoa sproketi ya meno 60, anaweka ya 40. Hesabu ileile inakupa kilomita 68 kwa saa. Amebadilisha kipande kimoja tu, na video ya pili imepatikana: "Tumeiongezea spidi!"

Alichoongeza hasa ni nishati, na nishati ya mwendo inakua kwa mraba wa mwendo. Chukua gokati na dereva wake kuwa kilo 160. Kwa kilomita 45 kwa saa wamebeba juli 12,500 hivi. Kwa 68 wamebeba zaidi ya 28,000. Mwendo umepanda mara moja na nusu, lakini mzigo wa breki umepanda mara mbili na zaidi. Ili upate picha: mtu na baiskeli yake, kilo 85, wakienda kilomita 20 kwa saa, wana juli 1,300 tu. Ndiyo maana nikiona breki za baiskeli zimefungwa kwenye gokati nashika kichwa. Unaziomba zifanye kazi mara tisa au kumi ya ile zilizozoea, na hapo bado hatujaongeza spidi.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likielezwa hata kwenye video nzuri. Gokati nyingi za nyumbani zina breki nyuma tu. Unapofunga breki, uzito unahamia mbele. Umeuhisi kwenye daladala dereva akikanyaga ghafla, wote mnainama kumsalimia. Magurudumu ya nyuma yanapungukiwa mzigo wakati huohuo unaoyategemea. Kwenye lami kavu, ukichukua msuguano wa 0.7 na umbo la kawaida la gokati, hata breki inayoweza kuyafunga magurudumu yote mawili ya nyuma inakupa theluthi moja tu na kidogo ya nguvu ya mvutano wa dunia. Kwa kilomita 45 kwa saa utasimama baada ya mita 23 hivi. Kwa 68, mita 52. Hamia kwenye uwanja wa changarawe na vumbi, ambako ndiko wengi wetu tutaendesha, msuguano ukashuka hadi 0.4, na ile 45 ya kawaida inahitaji mita 37. Ongeza sekunde moja ya dereva kushtuka kabla mguu haujafika kwenye pedali, mita nyingine 12 na nusu. Jumla karibu mita 50, yaani nusu ya uwanja wa mpira, kwa breki nzuri.

Na breki ya kipande cha ubao je? Ili kufikia uwezo huo kwenye lami, magurudumu ya nyuma yanahitaji kuzuiwa kwa nguvu ya nyutoni 550 hivi kwa pamoja. Kama msuguano kati ya ubao na mpira ni 0.5, lazima uukandamize ubao kwa nyutoni 1,100, sawa na uzito wa kilo 110. Kwa mguu wa mtoto wa miaka kumi na mbili. Na tairi likiwa na vumbi au matope, hata kilo hizo hazitoshi. Lakini video inaonyesha ubao ukigusa tairi wakati gokati imesimama juu ya mawe, gurudumu likizunguka hewani, linasimama, "breki ziko poa", tunaendelea. Gurudumu la hewani lina uzito wake tu. Hilo siyo jaribio.

Kinachoniuma ni kwamba jibu lipo mtaani na halina gharama ya kutisha. Magurudumu yote mawili ya nyuma yakiwa yamefungwa kwenye ekseli moja, diski moja tu kwenye ile ekseli inayasimamisha yote. Hata gokati nyingi za mashindano zina diski moja nyuma. Diski na kalipa ya mbele ya pikipiki iliyochakaa, pamoja na pampu yake ndogo ya mafuta ya breki, vinapatikana kwa wauza spea za bodaboda. Unatengeneza pedali yenye mkono mrefu ili nguvu ya mguu izidishwe mara nne au tano, na kazi kubwa imeisha. Ingekuwa dakika tatu za video.

Hapohapo kwenye ekseli ndipo ninapokutana na ushauri wa pili unaonitatiza. Ekseli moja isiyo na difu inayalazimisha magurudumu mawili yazunguke sawasawa, na kwenye kona hayatakiwi kuzunguka sawasawa. Chukua kona ya robo duara yenye nusu kipenyo cha mita 3, magurudumu yakiwa yameachana mita moja: la nje linakwenda mita 5.5, la ndani mita 3.9. Moja lazima liteleze. Gokati za kiwandani zinatatua hili kwa ujanja mzuri sana, kwamba usukani ukikatwa, umbo la ekseli ndogo za mbele linainua gurudumu la ndani la nyuma kidogo, na fremu inajikunja ili hilo liwezekane. Yaani fremu ya gokati imetengenezwa ijikunje! Fundi wa video hajui hilo, anaimarisha kila kona kwa engo na vipande vya pembetatu, "ili iwe ngumu", kisha anashangaa gokati inakwenda moja kwa moja wakati yeye amekata usukani wote.

Wengine wanaikwepa shida hii kwa kuendesha gurudumu moja tu la nyuma na kuliacha la pili lizunguke huru kwenye beringi. Ni suluhisho halali, la bei ndogo, na gokati inakata kona vizuri. Lakini video zinazolipendekeza zinaacha breki palepale kwenye ekseli, ambayo sasa imeshika gurudumu moja. Ukikanyaga kwa nguvu, upande mmoja unasimama na mwingine unaendelea, gokati inavutwa pembeni. Ukichagua njia hii, kila gurudumu la nyuma liwe na breki yake, na ngoma za nyuma za pikipiki mbili zinafaa. Sehemu za mashine zinaongea. Huwezi kubadilisha moja na kudhani zingine hazijasikia.

Usukani nitaupitia haraka kwa sababu kosa ni moja na kulirekebisha hakuna gharama. Kwenye kona, gurudumu la mbele la ndani linatakiwa kukata zaidi kuliko la nje, maana linazunguka duara dogo. Kwa gokati ya urefu wa mita 1.1 kati ya ekseli, kwenye kona ya mita 3, la ndani linataka nyuzi 23 na la nje 18 hivi. Mtengeneza magari ya farasi wa Munich, Georg Lankensperger, alilijua hili mwaka 1817, na wakala wake Rudolph Ackermann akalisajili Uingereza mwaka uliofuata. Ndiyo maana dunia inamkumbuka wakala. Unachohitaji ni uzi na chaki: vuta uzi kutoka katikati ya ekseli ya nyuma hadi kwenye kingpini ya kila gurudumu la mbele, na mikono ya usukani ichomelewe ifuate huo uzi. Karibu kila video niliyoiona imechomelea mikono hiyo sambamba na fremu. Gokati inatembea, ndiyo, huku inakwangua tairi za mbele na kuwa nzito mkononi. Na tafadhali, bolti za usukani ziwe na namba 8.8 kichwani, na nati zake ziwe za kujikaza au zenye pini. Fimbo ya uzi ya kufungia dari siyo tairodi.

Halafu magurudumu ya toroli. Hapa lugha yenyewe inatudanganya, kwa sababu tairi la toroli na tairi la bajaji yanaweza kuwa na maandishi yaleyale ubavuni, 4.00-8. Saizi ni moja, kazi ni tofauti. Toroli linasukumwa na mtu anayetembea, kilomita 5 kwa saa, mizunguko 66 kwa dakika. Kwenye gokati yetu ya 45 linazunguka mara 600, likiwa na bushi badala ya beringi, na rimu ambayo haikutarajia kusukumwa kutoka ubavuni kwenye kona. Kama utatumia saizi hiyo, tafuta rimu, tairi na habu za bajaji. Na rimu hizi za vipande viwili zilizoshikwa kwa bolti, toa upepo wote kabla hujalegeza hata bolti moja. Video moja tu kati ya zote nilizotazama ilisema hivyo, na nilitaka kumkumbatia yule jamaa.

Kuna tatizo la tafsiri pia, na hapa siyo lugha ninayozungumzia. Michoro mingi ya bure inatoka Marekani na imepimwa kwa inchi. Inasema ekseli ya inchi 1. Unakwenda dukani, unaambiwa beringi ipo, UCP205, "hiyo ndiyo ya inchi". UCP205 ni milimita 25 kamili. Inchi ni 25.4. Ya inchi huandikwa UCP205-16. Tofauti ya milimita 0.4 inaonekana ndogo mpaka uone mtu akiisaga ekseli kwa grainda ili iingie, ikatoka na umbo la yai. Au injini: nyingi za pampu ya maji zina shafti yenye uzi mwishoni, kwa sababu panga la pampu hujifunga kwa uzi. Klachi ya gokati inataka shafti laini yenye mfereji wa kufungia. Ukishalipa ndipo unagundua. Mchambuzi wa kweli wa bei angeanza na sentensi hiyo, "angalia shafti kabla hujatoa hela".

Zile video za kuondoa gavana nizitaje kwa ufupi tu, sitaki kuzitangaza. Nguvu inayotaka kuipasua flaiwili inakua kwa mraba wa mizunguko. Kutoka 3,600 hadi 5,500 ni zaidi ya mara mbili. Flaiwili ya injini hizi imekadiriwa kwa kazi ya pampu, na kwenye gokati inakuwa sentimita chache nyuma ya mgongo wako. Wenzetu wanaoongeza mizunguko kwa umakini wanabadilisha flaiwili na konrodi kwanza, na gharama hiyo, kama kawaida, haimo kwenye kichwa cha video.

Mtu ataniambia: hizi ni video za mtaani, unataka ziwe tasnifu? Hapana. Nataka dakika tatu kati ya kumi na mbili. Nataka kuona mlinzi wa mnyororo, kwa sababu mtandio au mkono mrefu wa shati ukishikwa na mnyororo hauachiwi. Nataka kuona swichi ya kuzimia ikiwa karibu na mkono. Injini hizi huzima ukiugusisha waya wa koili na chuma cha injini, kwa hiyo swichi ni waya na kitufe tu. Nataka springi mbili kwenye akseleta badala ya moja. Na kofia ngumu kichwani, uwanja uliofungwa, siyo barabara ya mtaa wenye watoto na bodaboda.

Zaidi ya yote nataka jaribio hili, ambalo halihitaji hata injini. Kabla hujaifunga, mkalishe dereva mtu mzima kwenye gokati, wenzako wawili wasukume kwenye lami tambarare mpaka mbio ziwaishie. Chora mistari miwili iliyoachana mita 10. Ikipita kati yake kwa sekunde 1.8, uko kilomita 20 kwa saa. Kwenye mstari wa pili wanaachia, dereva anakanyaga breki kwa nguvu zote. Pima kwa futi kamba. Mita 4.5 hivi, magurudumu ya nyuma yamefunga na kuacha alama mbili za urefu sawa: nenda kanunue injini. Mita 8 au 9 na hakuna alama yoyote: breki haijafika, rudi kwenye pedali. Alama moja ndefu na nyingine fupi: breki haizigawii pande mbili sawa. Piga video hapo, hata kwa simu iliyopasuka kioo, na uiweke kabla ya ile ya kuzunguka uwanjani.